Mjumbe wa Tawi: Maisha ya Mwalimu Nyerere Tunayoyasahau



Kabla ya kurasa za ahadi na michango, tunaweka katika kijitabu hiki maisha ya mtu mmoja, ili tunapotoa tukumbuke kwamba kutoa hakukuanza na sisi. Mwaka huu tumemchagua Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Tunajua kila mmoja wetu ana habari zake. Picha yake iko ofisini, jina lake liko kwenye shule, na Butiama ni mwendo mfupi kutoka kwetu. Lakini tunapomtaja tunamtaja kama Rais. Hapa tunataka kumweleza kama mjumbe: mtu aliyetumwa na kikundi kidogo kwenda kukisemea ndani ya chama kikubwa, kisha akarudi kueleza yaliyotokea.

Tuna sababu. Mwaka jana kiti cha jumuiya yetu katika mkutano mkuu wa mtandao wa asasi tuliojiunga nao kilikaa kitupu. Ada yetu ilichelewa, nauli ya mjumbe haikupatikana, na hakuna aliyeandika hata barua ya udhuru. Maamuzi yalipita, sisi tukayasoma baadaye kama watu wa nje. Kosa hilo ni letu, kamati na wanachama kwa pamoja. Ndiyo maana tumeona tumwangalie jirani yetu aliyeijua kazi ya ujumbe kuliko wengi.

Alizaliwa Butiama, nchi ya Wazanaki, tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu. Mama yake, Mugaya Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano kati ya wake wengi wa chifu huyo. Alichunga mbuzi kama watoto wengine wa rika lake, na alianza shule akiwa na miaka 12, mwaka 1934, katika shule ya Mwisenge, Musoma, kiasi cha kilometa 40 kutoka nyumbani. Kabla ya shule hiyo alikuwa ameshaona shule nyingine: wazee waliokaa pamoja na kuzungumza jambo hadi wakakubaliana. Sisi wa ritongo tunaijua shule hiyo. Katika ritongo mtu hasemi kwa sababu ana sauti kubwa. Anasema kwa sababu kuna mji, ukoo au rika nyuma yake, na akitoka pale lazima awaeleze waliobaki. Mwalimu alipokuja kuwa kiongozi alirudia mara nyingi kwamba demokrasia haikuletwa Afrika kwa meli, kwani wazee waliokuwa wakijadiliana chini ya mti walikuwa nayo tayari.

Kutoka Mwisenge alikwenda shule ya serikali ya Tabora mwaka 1937, kisha Makerere, Uganda, mwaka 1943. Mwishoni mwa mwaka huo alibatizwa Nyegina na kuitwa Julius. Huko Makerere ndiko alikoanza kazi tunayoizungumzia. Yeye na wenzake kutoka Tanganyika, wakiwamo Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu, walianzisha umoja wa ustawi wa wanafunzi Watanganyika. Ulikuwa mdogo, ukapoa. Wakati huo tayari kilikuwepo chama kikubwa zaidi, African Association, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, chenye matawi katika miji mbalimbali. Vijana wale waliona kwamba kikundi cha wanafunzi peke yake, mbali na nyumbani, kingebaki cha maongezi ya jioni. Nyerere akalifufua tawi la African Association pale Makerere, ili sauti yao iwe na mahali pa kufikia.

Tawi lile halikudumu. Miaka michache baada ya wao kumaliza masomo, lilikuwa limelala tena. Hili nalo tunaliandika makusudi, kwa kuwa matawi yetu ya mijini yameugua ugonjwa huohuo: mtu mwenye bidii akihamishwa kikazi, daftari linahama naye, na tawi linakufa bila msiba.

Aliporudi Tanganyika alifundisha shule ya misheni ya St Mary's, Tabora. Hapo alijiunga na tawi la mji na kupewa kazi ambazo hazina sifa: kutunza fedha na kusaidia duka la ushirika lililouza bidhaa kwa bei nafuu. Anayetunza fedha za tawi anajua nani amelipa na nani anaahidi kila mwezi, na anajua pia wanachama wanalalamikia nini. Kwa hiyo mwezi Aprili 1946, tawi lilipomtuma kwenye mkutano mkuu wa chama Dar es Salaam, alikwenda akiwajua waliomtuma. Katika mkutano huo chama kilitamka wazi kwamba lengo lake ni uhuru wa nchi. Wajumbe waliotoka mikoani hawakwenda kupiga makofi. Tamko lile lilikuwa na uzito kwa sababu nyuma ya kila mjumbe kulikuwa na mji na watu wake.

Aliporudi Tabora kazi iliendelea. Pamoja na Tibandebage alishughulika na kuandika upya katiba ya chama. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilipotoa waraka wake uliojulikana kwa namba 210, juu ya baraza la pamoja la Afrika Mashariki, tawi la Tabora lilikuwa miongoni mwa waliopinga, kwa kuwa waraka ule uliwaongezea walowezi wa Kizungu nguvu isiyolingana na idadi yao. Tunaona hapa tawi likifanya kazi yake: linapokea habari, linaijadili, na linapeleka msimamo wake juu.

Mwaka 1949 alikwenda Edinburgh, Uskoti, na mwaka 1952 akapata shahada ya uzamili. Alirudi mwishoni mwa mwaka huo. Januari 1953 alimwoa Maria Gabriel, mwalimu, mzaliwa wa Baraki, wakati ule ikiwa sehemu ya Tarime kabla Rorya haijawa wilaya yake. Hivyo sisi wa upande huu tunaposema Mwalimu ni mkwe wetu, si utani mtupu.

Mwaka huohuo wa 1953 alianza kufundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, na mwezi Aprili alichaguliwa rais wa chama, ambacho tangu 1948 kilikuwa kikiitwa Tanganyika African Association, yaani TAA. Alimshinda Abdulwahid Sykes, naye Abdulwahid hakununa wala kuondoka. Akawa makamu wake. Tunaliandika jambo hili taratibu, kwa sababu tunajua chaguzi zetu wenyewe zinavyotuachia madonda.

TAA ilikuwa imechoka. Matawi yalikuwa mbalimbali, mengine yakiwa hai na mengine yakiwa jina tu, na kila moja lilikuwa na shida yake: ardhi Meru, bei ya pamba Jimbo la Ziwa, kazi na nyumba mijini. Tarehe 7 Julai 1954 wajumbe wakakutana Dar es Salaam, wakakivunja chama cha zamani na kuunda TANU. Waasisi walikuwa 17, nao walitoka majimbo mbalimbali. Kilichobadilika hakikuwa jina peke yake. Katiba mpya ilikifanya chama kuwa cha siasa waziwazi, na kikadai uhuru waziwazi. Katika Jimbo la Ziwa, ambalo sisi tulikuwa ndani yake, serikali ilikataa kuandikisha TANU Usukumani hadi mwaka 1958. Katika mazingira hayo ya kubanwa alifanya kazi Bhoke Munanka, mwana wa Tarime, mmoja wa viongozi wa TANU wa jimbo letu, ambaye baadaye alikuwa waziri katika ofisi ya Rais. Vijana wetu wengi hawalijui jina hili, nasi tunaona aibu kidogo.

Mwaka 1955 ulikuja ujumbe mkubwa kuliko wote. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na wananchi wake waliruhusiwa kupeleka maombi. TANU iliamua kumtuma Nyerere New York kwenye Baraza la Udhamini. Chama hakikuwa na fedha. Wanachama na marafiki wa chama wakachanga, John Rupia akiwa miongoni mwa waliojitolea sana kwa mali zao kukisaidia chama katika miaka hiyo. Serikali ya Marekani ilimpa ruhusa yenye masharti, asiende mbali na jengo la Umoja wa Mataifa. Tarehe 7 Machi 1955 akasimama na kusema.

Tunachokipenda katika hotuba ile ni kipimo chake. Alikuwa na umri wa miaka 32, mbele yake kukiwa na wakubwa wa dunia, na angeweza kusema lolote la kumpatia sifa. Alisema alichotumwa. Hakudai uhuru wa siku inayofuata. Alidai itamkwe kwamba Tanganyika itajengwa kuwa nchi ambayo kwanza ni ya Waafrika, bila kuwafukuza wengine, na kwamba njia ya kujitawala iwe na muda unaojulikana. Hakuongeza chumvi kwa jina la watu ambao hawakumpa chumvi hiyo.

Akarudi, akatoa taarifa kwa wananchi Dar es Salaam. Kisha bei ya ujumbe ikaja. Akatakiwa achague kati ya kufundisha na siasa. Mwezi huohuo wa Machi akaacha kazi. Alikuwa na mke na watoto wadogo, hana mshahara. Akarudi nyumbani, na kwa miezi kadhaa akapata riziki kwa kumfundisha Kizanaki padre Mmarekani wa shirika la Maryknoll. Mtu aliyehutubia New York mwezi Machi, miezi michache baadaye yuko kijijini anaeleza majina ya vitu kwa mgeni ili watoto wale. Mwezi Oktoba akarudi Dar es Salaam kufanya kazi ya TANU wakati wote. Tukumbuke miezi ile kila tunapomtuma mtu akatusemee, halafu tunaona nauli yake ni ghali.

Mwaka 1957 alipata somo la aina nyingine. Gavana alimteua kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Alikaa miezi michache, akaona kila anachokipendekeza kwa niaba ya wananchi kinakataliwa, na mwezi Desemba akajiuzulu. Hakuwa tayari kukalia kiti ambacho kazi yake ilikuwa kuonyesha tu kwamba Waafrika nao wamo. Lakini mwezi mmoja tu baadaye, katika mkutano mkuu wa TANU wa Januari 1958 mjini Tabora, ndiye aliyewasihi wajumbe waingie kwenye uchaguzi walioukasirikia.

Sheria ya uchaguzi ule ilimtaka kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Tena mpiga kura alipaswa kuwa na kipato au elimu ya kiwango fulani, kwa hiyo wanachama wengi wa TANU wasingeweza kupiga kura kabisa. Wajumbe wengi walifika Tabora na neno moja kutoka matawini: tususie. Nyerere alieleza kwamba wakisusa, viti vitachukuliwa na chama kilichoundwa kwa baraka za serikali, na TANU itabaki nje ikipiga kelele. Majadiliano yalikuwa mazito. Mwishowe walio wengi wakakubali kushiriki. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuunda chama chake.

Hapa ndipo tunapomfikiria yule mjumbe wa kawaida, ambaye jina lake halimo vitabuni. Alitumwa aseme hapana. Amesikiliza hoja, amekubali kusema ndiyo. Sasa anapanda treni au lori kurudi kwa watu waliomchangia nauli, na lazima awaeleze kwa nini amerudi na jambo tofauti na alilopewa. Uamuzi wa Tabora ulisimama kwa sababu wajumbe wale walirudi na kueleza. Wasingefanya hivyo, ungebaki karatasi. Katika uchaguzi wa Septemba 1958 na Februari 1959, TANU na wale iliowaunga mkono walishinda, na njia ya uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 ikafunguka.

Baada ya uhuru Mwalimu alikuwa Waziri Mkuu. Mwezi Januari 1962, wiki sita tu baadaye, akajiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, na yeye akaenda kukijenga upya chama mikoani. Wengi walishangaa. Lakini kwa mtu aliyewahi kutunza daftari la tawi jambo lile linaeleweka. Viongozi walikuwa wameingia serikalini, matawi yalikuwa yanapoa, na alijua kichwa kisicho na miguu hakifiki mbali. Mwishoni mwa mwaka huo alichaguliwa kuwa Rais.

Hatutakuwa waaminifu tukiishia kwenye sifa. Mwaka 1972 serikali yake ilivunja halmashauri za wilaya, na mwaka 1976 ikavunja vyama vikuu vya ushirika. Wakulima wa kahawa wa milima ya Tarime na wakulima wa pamba wa Serengeti wa umri mkubwa wanajua maana yake. Vyama vile vilikuwa na dosari, wizi ukiwamo, lakini vilikuwa ngazi. Mkulima alimchagua mjumbe wa chama cha msingi, mjumbe akaenda chama kikuu, na neno la bei na malipo yaliyochelewa likapata pa kupita. Ngazi ilipoondolewa, mazao yakaingia mikononi mwa mamlaka za serikali, na mkulima akabaki anaongea na karani wa mizani. Ushirika na serikali za mitaa vilirudishwa kwa sheria miaka ya 1980 mwanzoni, na Mwalimu mwenyewe alikuja kukiri kwamba kuvivunja lilikuwa kosa. Aliyekuwa mjumbe mzuri kuliko wengi alisahau kwa muda kwamba na wengine wanahitaji wajumbe wao. Tunamheshimu zaidi kwa kuwa alikubali kusema hivyo angali hai na angali na madaraka ya kunyamaza.

Mwaka 1985 aliacha urais kwa hiari na kurudi Butiama, shambani kwake. Kazi ya ujumbe haikumwacha. Aliongoza Tume ya Kusini, iliyozisemea nchi maskini mbele ya nchi tajiri, na katika miaka yake ya mwisho alikuwa msuluhishi wa mgogoro wa Burundi. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 na akazikwa Butiama, nyumbani kwa wazazi wake. Barabara zilivyojaa siku zile, wazee wetu waliokwenda kumzika bado wanaeleza.

Turudi kwetu. Mkutano mkuu wa mwaka huu utachagua mjumbe na msaidizi wake watakaotuwakilisha katika mtandao kwa kipindi kijacho. Tunawaomba mtusaidie kuwachagua kwa macho ya Tabora ya 1946. Tusitafute anayejua kuongea tu. Tumtafute anayelijua daftari letu, anayejua shida ya Nyamongo si shida ya Mugumu, anayeweza kuisemea Ngoreme hata kama yeye si Mngoreme, na kusemea ukoo usio wake bila kuupunguzia neno. Tumpe maagizo kwa maandishi kabla hajaondoka. Akirudi, tuje kumsikiliza, hata akija na jibu tusilolipenda. Na daftari libaki ofisini, si nyumbani kwa mtu, ili akihama tawi lisife.

Halafu kuna fedha. Sehemu ya michango ya mwaka huu, kabla ya miradi mingine, italipa ada yetu ya uanachama katika mtandao, nauli na malazi ya mjumbe, na gharama za mikutano miwili ya kutoa taarifa, mmoja Tarime na mmoja Mugumu. Tunajua si jambo la kupigiwa picha. Bati na madawati vinaonekana, nauli haionekani. Lakini madawati mengine hayatafika kwetu kamwe kama siku yanapogawanywa kiti chetu ni kitupu.

Fomu ya ahadi iko ukurasa unaofuata. Atakayeweza kutoa kikubwa atoe, na atakayeweza kidogo asione haya. Safari ya New York ya 1955 ilichangiwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kupanda ndege maisha yao yote. Walimlipia mwenzao apande, na aliporudi wakakusanyika kumsikia. Nasi tunawaomba hivyohivyo.